Mwanya

Siku ya kwanza nilipima mia moja na themanini.
Milisekunde: kope haijamaliza kufumba.
Ni mwanya kati ya kilima kidogo na mlima,
pale umeme wa moyo unapobisha hodi ghorofani
na kungoja huko chini waitikie karibu.

Morag Petrie, miaka sabini na mitatu, mfumaji wa juti.
Dundee kwao, Dundee kwa bibi yake.
Masikio aliyaacha kiwandani kabla hakijafungwa,
akabaki na macho ya kusoma midomo.
"Kwetu Korogwe ni mkonge," nilimwambia polepole.
Akacheka hadi sindano ya mkononi ikalia king'ora.
Basi, akasema, sisi ni binamu wa kamba.

Lilianza jino. La nyuma, bovu, wala halikumuuma sana.
Kijidudu kikateremka na damu, kikafika kwenye vali,
kikajiotea kama ukungu kwenye mkate wa juzi.
Tukampa dawa kila baada ya saa nne, usiku na mchana.

Siku ya nne: mia mbili na kumi.
Siku ya tano: mia mbili na arobaini.
Dakta Farquhar alitazama chati ya homa: inashuka.
Mgonjwa anakula, akasema, na kweli alikuwa anakula,
mkate wa kuchoma na jamu chungu ya machungwa,
kidole kikifuata chembe hadi ukingoni mwa sahani.
Mimi nilikuwa na rula ya plastiki na karatasi ya waridi
na neno nisilotaka kulisema mbele ya mtu asomaye midomo.

Jipu la pajani utaliona, utalikanda kwa maji ya moto,
utamwita shangazi aje alitumbue.
Hili limechimba ndani ya ukuta,
kwenye shina la mshipa mkuu,
palepale nyaya zinapopita.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndiyo, nimelelewa nalo hilo.
Lakini ukuta wenyewe unadunda mara themanini kwa dakika.
Fundi aingilie wapi?

Siku ya sita, saa kumi alfajiri: mia tatu na ishirini.
Halafu hodi.
Hodi.
Na chini hakuna aliyeitika.

Mstari ulilala kwenye karatasi upana wa vidole viwili
kabla mlima haujajikumbuka.
Morag alifumbua macho. "Nini kimesimama?"
Kiwandani, alieleza, mtambo ukizima huusikii kwa sikio,
unaujua kwa nyayo.

Nilipiga simu. Sikubembeleza.

Wakamshusha kamera kooni, nikamshika kidevu.
Kwenye kioo, nyuma ya vali, pango jeusi
likifumba na kufumbua kwa kila pigo,
na uzi mwembamba wa rangi ukipita pasipo na njia:
damu imejifungulia mlango wa uani.
Dakta Farquhar hakusema kitu. Aliiomba rula yangu.

Mafundi wako Aberdeen. Wangekata kilichooza,
wangetia kiraka, ngozi ya moyo wa ng'ombe.
Nilimweleza hivyo, taratibu, uso wangu kwenye mwanga.
"Ng'ombe wa wapi?" akauliza,
na mimi, mwana wa Shemboza, sikuwa na jibu.

Mvua ya Februari ilikuwa ikipiga ubavuni mwa ambulensi.
Walipomwinua aligeuka kunitafuta.
Midomo yake ikasema neno bila sauti,
kama walivyosemezana wafumaji kupitia kelele,
fupi, likifunguka mwanzoni na kufunga mwishoni.
Milango ikafungwa.

Tangu hapo nasimama mbele ya kioo cha bafuni
nikijaribu maneno, moja moja,
nikiangalia lipi linafaa mdomo ule.
Sijafuma hata siku moja maishani mwangu.
Na Aberdeen hawajapiga simu.